Kangeta na Ndege Kongwe za Afrika Mashariki

Historia ya usafiri wa anga wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi na watu waliokaa karibu na dirisha, yaani watumishi wa serikali, wafanyabiashara, wanafunzi waliokwenda kusoma ng'ambo na watalii, ambao baadaye walikumbuka kwa mapenzi mlio wa injini fulani au umbo la mkia wa ndege ambazo leo hazibebi tena abiria popote. Kumbukumbu hizo zina thamani yake, lakini zinaliacha nje kundi kubwa la watu ambao maisha yao yalifuata saa za ndege hizohizo bila wao kupata kupanda hata moja. Kangeta, mji mdogo wa Igembe katika Kaunti ya Meru, ulio kando ya barabara itokayo Meru mjini kwenda Maua katika milima ya Nyambene, ni mahali panapofaa kuanzia uchunguzi wa upande huo wa pili, kwa sababu jina lake, ambalo limekuwa pia jina la aina mojawapo ya miraa, limesafiri angani kwa miongo kadhaa, tena zaidi kuliko wengi wa wenyeji wake.

Miraa, iitwayo pia mirungi au veve, ni machipukizi ya mti ambayo hutafunwa yakiwa mabichi. Nguvu yake hutokana na kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huanza kuvunjika mara tu tawi linapochumwa, kiasi kwamba baada ya siku mbili hivi mzigo huwa umepoteza sehemu kubwa ya ukali wake na, pamoja na ukali huo, sehemu kubwa ya bei yake. Ndiyo maana wachumaji huanza kazi alfajiri, vijiti vikafungwa katika vishada vidogo viitwavyo surba, surba zikafungwa pamoja kuwa bunda, na bunda zikafunikwa kwa majani ya mgomba ili unyevu usitoroke. Chai na kahawa ya Meru inaweza kungoja meli Mombasa hata wiki kadhaa na isiharibike. Miraa haina subira hiyo. Kwa hiyo ndege za abiria zilipozeeka na kuondolewa viti, nyingi hazikwenda moja kwa moja kwenye chuma chakavu, na zao la Nyambene ni miongoni mwa vitu vilivyozilipia maisha ya pili. Maisha hayo ya pili hayawezi kueleweka bila kutazama kwanza yale ya kwanza.

Usafiri wa anga wa kibiashara nchini Kenya ulianza mwaka 1929, Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Ndege zake zilikuwa ndogo, zikibeba barua na abiria wachache, na kampuni yenyewe haikuvuka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwani vilipoanza mwaka 1939 serikali ilizichukua ndege na marubani wake. Kilichobaki ni uwanja, ambao baadaye ulipewa jina la Wilson, na ambao utarudi katika simulizi hii kwa sura nyingine kabisa.

Baada ya vita, tarehe 1 Januari 1946, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi likiwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege sita aina ya Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa na kuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Muda si mrefu zikafuata Lockheed Lodestar, na kisha ndege iliyopendwa kuliko zote katika safari za ndani, Douglas DC-3, ambayo watu wengi waliijua kwa jina la Dakota. Ndege hii iliruka kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935 na kuundwa kwa maelfu wakati wa vita, hivi kwamba amani iliporudi ilipatikana kwa bei nafuu duniani kote. Gurudumu lake la tatu lilikuwa mkiani, si puani, kwa hiyo ilipokuwa imesimama sakafu yake iliinama kuelekea nyuma, na abiria aliyeingia kwa mlango wa nyuma alilazimika kupanda mteremko akishikilia viti hadi afike kwenye nafasi yake. Chumba chake hakikuwa na mgandamizo wa hewa, yaani mtambo wa kuongeza hewa ndani ili watu wapumue vizuri ndege inapokuwa juu sana, na kwa sababu hiyo iliruka chini kiasi. Aliyepita karibu na Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, aliutazama kwa kuinua macho ingawa alikuwa angani, na mashamba ya Embu na Meru yalionekana wazi chini, vijito na mapaa yakiweza kutambulika moja moja.

Enzi ya jeti ilihitaji uwanja mkubwa zaidi, na namna uwanja huo ulivyopatikana haitajwi sana na wapenzi wa ndege za zamani. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwezi Machi 1958 na ambao leo ni sehemu ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa sehemu kwa nguvu za wafungwa na mahabusu wa wakati wa vita vya Mau Mau. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 iliwalenga hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, ambao serikali ya kikoloni iliwaweka katika kundi moja la washukiwa. Ni haki kusema, basi, kwamba uhusiano wa nyanda za mashariki ya Mlima Kenya na usafiri wa anga wa kisasa ulianza kwa sururu na karai kabla ya kufika kwenye tiketi au mzigo, na kila kumbukumbu tamu ya kutua Embakasi katika miaka ya 1960 imejengwa juu ya kazi hiyo.

Shirika lilikuwa limenunua ndege tatu za Canadair Argonaut kutoka shirika la Uingereza la BOAC mwaka 1957 kwa ajili ya safari za London, lakini hizo zilikuwa za injini za pistoni, na hazikudumu sana. Mwaka 1960 zilifika Comet 4 mbili, jeti za kwanza za Afrika Mashariki, na ya tatu ikafuata mwaka 1962. Comet ya kwanza kabisa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1952, ilikuwa imepata ajali kadhaa kwa sababu kiwiliwili chake kilichoka na kupasuka angani. Comet 4 ilikuwa imesanifiwa upya, lakini sifa ya jina hilo ilikuwa imekwisha kuharibika na soko likawa limechukuliwa na Boeing 707 ya Marekani. Comet za Afrika Mashariki ziliuzwa kwa kampuni ya Uingereza ya Dan-Air kuanzia mwaka 1970, na Dan-Air ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani kubeba abiria kwa Comet, mwezi Novemba 1980.

Ndege iliyobaki katika kumbukumbu kuliko zote ni Super VC10, na inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ilisanifiwa kwa kuzingatia hasa viwanja kama vya Nairobi. Embakasi iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu hivyo, hasa jua linapokuwa kali, hewa huwa nyepesi: mabawa hupata kitu kidogo cha kuegemea, injini hupungukiwa na nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia au hulazimika kupunguza mzigo. BOAC ilikuwa na njia nyingi za aina hiyo barani Afrika na Asia, ikamwagiza mtengenezaji Vickers ndege ya kuzimudu. Wahandisi waliziweka injini zote nne za Rolls-Royce Conway mkiani, wakayaacha mabawa yakiwa wazi ili yajazwe vipande vinavyochomoza mbele na nyuma kuongeza uwezo wa kuinua, na matokeo yake yakawa ndege iliyoacha ardhi mapema na kupaa kwa kasi ambayo abiria waliihisi migongoni mwao. Kwa kuwa kelele zote zilikuwa nyuma, waliokaa sehemu ya mbele walisafiri katika utulivu ambao ndege nyingine za wakati ule hazikuwa nao.

Shirika la Afrika Mashariki lilipata Super VC10 tano kati ya mwaka 1966 na 1970, zikiwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa mbele. Usajili wake uligawanywa baina ya nchi tatu wanachama, mbili zikibeba herufi za Uganda, mbili za Tanzania na moja ya Kenya, mpango ambao kwa mtazamo wa leo unaonekana kuwa wa kisiasa zaidi kuliko wa kiufundi, lakini ambao uliifanya kila serikali iione ndege kuwa yake. Ndege hizo zilikwenda London, Bombay na Afrika Magharibi, na kwa kipindi kifupi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilifika hadi New York. Tatizo lilikuwa kwamba ziliundwa VC10 54 tu za aina zote. Viwanja vingi vilirefusha njia zake za kurukia, uwezo wa kuondoka mapema ukapoteza umuhimu wake, na kilichobaki machoni mwa wahasibu kikawa ni mafuta mengi yaliyoteketezwa na zile injini nne.

Tarehe 18 Aprili 1972, mojawapo ya ndege hizo tano ilikuwa ikijaribu kuruka kutoka Addis Ababa gurudumu la mbele lilipopasuka. Rubani aliamua kusimama, breki hazikutosha, na ndege ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 43 kati ya 107 waliokuwamo walifariki. Zile nne zilizosalia ziliendelea hadi Januari 1977, wakati madeni na ugomvi wa nchi wanachama vilipolisimamisha shirika, na tarehe 4 Februari mwaka huohuo Kenya ikaanzisha Kenya Airways kwa kutumia Boeing 707 za kukodi. Super VC10 zilirudi kwa mtengenezaji Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga la nchi hiyo na kugeuzwa kuwa matangi ya kuongezea ndege za kivita mafuta angani. Wengi waliozipanda Embakasi hawakujua kwamba ndege hizo ziliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 baada ya shirika lao kufa. Ile iliyokuwa na usajili wa Tanzania wa 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa, iliruka hadi Dunsfold tarehe 24 Septemba 2013 na kuhifadhiwa, na siku iliyofuata nyingine, iliyokuwa 5H-MMT, ilitua Bruntingthorpe na kuufunga ukurasa wa VC10 angani. Ndege za shirika lililovunjika kwa aibu ndizo zilizoishi muda mrefu kuliko ndugu zake wote, jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha katika maandishi ya Afrika Mashariki.

Wakati VC10 zikipata sifa, ndege ya kawaida zaidi ilikuwa ikifanya kazi ya kila siku. Hii ni Fokker F27 ya Uholanzi, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1955 na kununuliwa na shirika mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuchukua nafasi ya Dakota. Mabawa yake yalikuwa juu ya kiwiliwili, hivi kwamba hapakuwa na kitu cha kumzuia abiria kuona ardhi, na madirisha yake yalikuwa makubwa yenye umbo la yai. Injini zake za Rolls-Royce Dart zilizungusha rafadha, yaani zile panga za mbele zinazovuta ndege, kwa mluzi mkali uliotambulika hata kabla ndege haijaonekana. Mrithi wake, Fokker 50, aliruka mwaka 1985 akiwa na umbo lilelile, lakini panga zilikuwa sita badala ya nne, madirisha yalikuwa madogo na mengi zaidi, na mluzi ulikuwa umepungua. Ziliundwa 213 tu, kwani kampuni ya Fokker ilifilisika mwezi Machi 1996.

Hapo ndipo njia ya Kangeta inapokutana na njia ya ndege hizi. Nchini Somalia, serikali ya Siad Barre ilipiga marufuku miraa mwaka 1983, lakini baada ya serikali hiyo kuanguka mwaka 1991 hapakuwa na mamlaka ya kulizuia zao hilo wala barabara salama ya kulipitisha. Ndege ikawa jibu la pekee lililotimiza masharti ya muda. Mzigo uliochumwa asubuhi Igembe ulipakiwa katika magari madogo ya Toyota, yakateremka kwa kasi iliyowatisha watumiaji wengine wa barabara kupitia Meru, Chuka na Embu hadi Nairobi, safari ya karibu kilomita 300, ukapangwa upya katika mtaa wa Eastleigh ambako wafanyabiashara wa Kisomali waliunganisha maagizo ya usiku, na kabla ya mapambazuko ukawa Wilson. Kutoka Nairobi hadi Mogadishu ni kilomita 1,000 hivi, ambazo Fokker huzimaliza kwa saa mbili au zaidi kidogo. Mtu wa Mogadishu aliweza kutafuna adhuhuri kijiti kilichokuwa mtini Nyambene jana yake.

Wilson ni uwanja wa juu kuliko Embakasi, karibu mita 1,690, na njia zake za kurukia hazifiki mita 1,600 kwa urefu, hali iliyozifanya jeti zisifae na kuzipa nafasi ndege za rafadha: Let 410 ya Chekoslovakia, Hawker Siddeley 748 ambayo kampuni moja ya Nairobi, 748 Air Services, ilijiita kwa jina lake, na juu ya yote Fokker. Ndani, ndege iliyokuwa imebeba abiria wa Ulaya kwa heshima zote ilivuliwa viti, makabati ya juu na mazulia, ikabaki na bati, nyavu na kamba. Magunia yaliyolowa kwa majani ya mgomba yalipangwa hadi dari, na harufu ya majani mabichi ikakaa ndani ya kuta hata ndege ilipokuwa tupu. Waandishi wa habari na watu wengine waliohitaji kufika Somalia katika miaka ya 1990 walisafiri nyakati nyingine juu ya magunia hayo au kando yake, na hao ndio pengine abiria wa mwisho wa ndege hizo. Ulaya iliendelea kuziachia: KLM Cityhopper, kampuni ya nchi iliyoziunda, ilistaafisha Fokker 50 zake mwaka 2010, na baadhi ya ndege za aina hiyo zilizoachwa na mashirika ya Ulaya zilifika Nairobi. Ndege ambayo mpenzi wa anga wa Amsterdam aliipiga picha na kuilipia safari ya kuagana, mkulima wa Igembe aliijua kama kitu kinachoweza kuchelewa na kumtia hasara.

Bei ya kazi hiyo haikuwa ya fedha peke yake. Tarehe 2 Julai 2014, Fokker 50 iliyobeba miraa kwenda Mogadishu iliondoka Jomo Kenyatta alfajiri na muda mfupi baadaye ikaanguka juu ya jengo la biashara eneo la Utawala, na watu wote wanne waliokuwamo wakafariki. Siku chache kabla, tarehe 24 Juni, Uingereza ilikuwa imeanza kutekeleza marufuku yake ya miraa, baada ya Uholanzi kufanya hivyo mwezi Januari 2013. Hadi wakati huo miraa ya Meru ilisafiri kwenda London katika matumbo ya ndege kubwa za abiria, chini ya miguu ya wasafiri ambao hawakuwa na habari nayo. Soko la Ulaya lilipofungwa, Kangeta ilibaki ikitegemea Somalia kuliko ilivyowahi kutegemea, na kwa hiyo ikategemea ndege kongwe kuliko wakati wowote.

Utegemezi huo ulionekana wazi mwezi Septemba 2016, Somalia ilipozuia ndege za miraa kwa siku kadhaa, na kwa uchungu zaidi kuanzia Machi 2020, ilipozisimamisha kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19 na kisha mgogoro wa kidiplomasia ukaurefusha mzuio kupita miaka miwili. Wakulima wa Igembe waliona bei ikiporomoka shambani, na miraa ya Ethiopia ikajaza nafasi iliyoachwa. Tarehe 24 Julai 2022 ndege zilirejea Mogadishu. Tumaini la kukwepa safari ya Nairobi kwa kutumia Uwanja wa Isiolo, ulio jirani zaidi na Nyambene, limekwamishwa na jambo lilelile lililowashughulisha wasanifu wa VC10: uwanja uko juu, jua ni kali, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 tu, isiyotosha kwa ndege kubwa za mizigo.

Ushahidi wa historia hii haumo katika makumbusho ya ndege ya Uingereza, ambako Super VC10 iliyokuwa 5H-MOG inatunzwa kwa uangalifu. Umo katika stakabadhi za mizigo, madaftari ya mawakala na simulizi za madereva na wapakiaji wa Kangeta, Maua na Eastleigh, ambazo nyingi hazijakusanywa. Aliye na makaratasi hayo nyumbani asiyachome moto wala kuyafungia maandazi. Ayapeleke kwenye maktaba au idara ya historia ya chuo kilicho karibu naye, na ataje jina la ndege kama analikumbuka.